Somo: Tengeneza mwenyewe mbegu chotara (F1) ya nyanya

Wakulima wengi hudhani mbegu chotara hutoka maabara tu. Nyanya F1 ni mtoto wa kwanza wa aina mbili tofauti zilizotulia (yaani mbegu zake huzaa kilekile), na unaweza kuipata hapo bustanini kwako kwa kibano kidogo na subira.

Wazazi ndio kazi yenyewe, kwa hiyo usiharakishe hapa. Chukua Cal J iwe mama na Moneymaker iwe baba. Cal J ni nyanya fupi. Moneymaker ni ndefu, ya kusimikiwa miti. Kwenye nyanya, urefu hutawala ufupi, hivyo watoto wote wa kweli watarefuka. Mche ukibaki mfupi, ujue ua lilijichavusha lenyewe: ng'oa. Ukigeuza, Moneymaker ikawa mama, wote watakuwa warefu na hutajua yupi chotara. Usitumie F1 ya dukani kuwa mzazi, haijatulia.

Hatua ya 1. Jioni, tafuta kwenye Cal J ua ambalo petali zake ndiyo kwanza zinachungulia, njano ya kupauka. Likishafunguka umechelewa, limejichavusha.

Hatua ya 2. Kwa kibano safi, ng'oa taratibu ile koni ya njano iliyo katikati. Ndiyo yenye chavua. Hutoka pamoja na petali kama kofia. Kitabaki kijiti chembamba cha kijani. Kikivunjika, hamia ua jingine. Kisha kata sepali mbili (vile vijani vya kijani chini ya petali) za ua hilo, ziwe alama yako. Ukifunga uzi kama alama unaweza kudondoka, lakini sepali zilizokatwa utaziona juu ya tunda hadi liive. Maua mengine ya kishada hicho yaondoe.

Hatua ya 3. Kesho yake asubuhi, umande ukishakauka, gongagonga ua lililofunguka la Moneymaker juu ya kipande cha kioo. Unga mweupe utakaodondoka ndio chavua. Gusisha ncha ya kile kijiti kwenye unga huo. Rudia siku inayofuata.

Hatua ya 4. Acha tunda liive kabisa mtini. Kamua mbegu, ziache na maji yake siku mbili zichachuke, osha, anika kivulini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikirudia mbegu za hiyo F1 sipati kilekile?

Hupati. Kizazi cha pili hutawanyika: katika kila miche minne, takriban mitatu mirefu na mmoja mfupi, hesabu ileile aliyoichapisha Gregor Mendel mwaka 1866 kutokana na njegere. Ukubwa wa tunda na siku za kuiva navyo vitachanganyika. Tunza mbegu za wazazi, kila aina peke yake, na uchavushe upya unapotaka F1.

Itazaa kuliko wazazi wote wawili?

Si lazima, na nisingependa mtu adanganywe hapa. Mahindi ndiyo hunufaika sana na uchotara. H611, mbegu chotara ya mahindi iliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964, ilitokana na mahindi ya Kenya na ya Ekwado, wazazi waliotoka mbali sana. Nyanya imezoea kujichavusha, kwa hiyo nyongeza ya mavuno mara nyingi ni ndogo. Faida yake kubwa ni kukusanya sifa za wazazi wawili kwenye mmea mmoja.

Nikichavusha, maua yanadondoka. Nipo Dar.

Joto hilo. Mchana ukizidi nyuzi 32 chavua hudhoofika. Fanya kazi hii Juni hadi Agosti.

Na maboga je?

Rahisi zaidi, maana ua dume na ua jike ni maua mawili tofauti. Jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Jioni, kabla halijafunguka, lifunge kwa uzi nyuki wasiingie. Na dume vilevile. Alfajiri fungua yote mawili, paka chavua, kisha funga tena lile jike mpaka linyauke.