Kabla ya kuagiza bidhaa za stenlesi kutoka nje

Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia bei ya kiwandani. Mimi ningeanza na msimbo wa HS, yaani namba ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani, kwa sababu ndio unaoamua ushuru, na stenlesi haina msimbo mmoja. Kwa forodha, stenlesi ni chuma chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5 na kaboni isiyozidi asilimia 1.2 kwa uzito. Bamba pana liko 7219, waya 7223, flanji (pete za kuungia mabomba) 7307, masufuria 7323, sinki 7324. Visu na vijiko vimewekwa mbali, sura ya 82. Kinachokosa pa kwenda huangukia 7326, vitu vingine vya chuma.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Muuzaji akikuandikia 7326.90 kwa kila kitu, mara nyingi ni uvivu wake tu. Kanuni ya uainishaji inataka maelezo mahususi yashinde ya jumla, na ofisa akihamishia mzigo kwenye kifungu kingine, tofauti ya ushuru na pengine faini vitamwangukia mwagizaji. Tena, ni tarakimu 6 za mwanzo tu zinazofanana katika nchi zinazotumia mfumo huu. Zinazofuata kila nchi hujipangia. Ukiwa na shaka, omba forodha uamuzi wa awali kwa maandishi, na uombe kabla hujalipa amana.

Kisha ulizia asili. Ushuru hufuata nchi bidhaa ilikotengenezwa, hata kama kontena lilipakiwa bandari ya nchi nyingine, na kung'arisha au kufungasha upya kwa kawaida hakutoshi kubadili asili. Dai cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyuko, yaani ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja, kile cha aina ya 3.1 katika EN 10204, kiwango cha Ulaya cha vyeti vya ukaguzi. Kitakusaidia pia kujua daraja la chuma: 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8, ilhali 201 hupunguza nikeli na kuongeza manganizi ili iwe ya bei nafuu. Sumaku haitakutofautishia hizo mbili. Na daraja la 430, linalonasa sumaku, ni stenlesi halali kabisa.

Viwango vyenyewe vya ushuru vitazame karibu na siku ya mzigo kuingia, kwani hubadilika mzigo ukiwa baharini. Marekani iliweka asilimia 25 kwa chuma mwaka 2018, ikafuta misamaha Machi 2025, na Juni mwaka huohuo ikapandisha hadi 50 kwa nchi nyingi; Agosti ikaongeza mamia ya misimbo ya bidhaa zilizotengenezwa kwa chuma na alumini. Umoja wa Ulaya nao, tangu Januari 2026, unatoza kaboni iliyotokana na uzalishaji wa chuma kinachoingia. Juu ya hayo kuna ushuru dhidi ya bidhaa zinazouzwa nje kwa bei ya kutupa, yaani chini ya bei yake ya kawaida, ambao unaweza kutofautiana kiwanda kwa kiwanda hata ndani ya nchi moja. Andikeni kwenye mkataba nani atabeba nyongeza.

Angalia pia thamani inayotozwa. Nchi nyingi hujumlisha nauli na bima, kwa hiyo nauli ikipanda ushuru nao hupanda, Marekani haijumlishi.

Mwisho, nikeli. Machi 2022 bei yake ilipita dola 100,000 kwa tani katika soko la London, na biashara yake ikasimamishwa. Viwanda vingi huongeza juu ya bei ya msingi tozo inayofuata bei ya madini kama nikeli, hivyo uliza inakokotolewa siku ya kuagiza au ya kusafirisha.