Sanduku la jua la maji ya kunywa: chagua vifaa kabla ya kushika msumeno

Miaka 19 nilifanya kazi kwenye chumba cha injini melini, na miaka yote hiyo nilikunywa maji ya bahari. Tulikuwa na mtambo usiozidi ukubwa wa friji. Ulipitisha maji yaliyotoka kupoza injini, yana joto la nyuzi 80 hivi, na kwa joto hilo la bure ukachemsha maji ya bahari, mvuke ukapozwa ukawa maji ya kunywa. Hewa ya ndani ilikuwa imefyonzwa, kwa hiyo maji yalichemka kwenye nyuzi 45 au 50 tu. Sahani zake zilikuwa za titani, madini yasiyoliwa na maji ya bahari. Mkuu wa injini aliniambia siku ya kwanza: bei ya mtambo huu ni bei ya hizo sahani, mengine ni nati na bolti.

Nimestaafu, nimerudi kwetu kisiwani Pate, Lamu. Visima vina munyu vile vile na jabia, yaani matangi ya kukinga maji ya mvua, zinakauka kabla masika hayajafika. Titani sina. Jua ninalo. Sasa nina masanduku matatu nyuma ya jiko: chini maji ya chumvi, juu kioo cha mteremko; jua hupandisha mvuke, ukigusa kioo hugeuka maji matamu yanayoteremka mferejini. Haya ndiyo ninayowaeleza wanaokuja kuniuliza.

Sanduku la kwanza nililitengeneza kwa mabati na nailoni, na halikumaliza mwaka. Bati lilitoboka kwenye mikunjo, pale zinki inapopasuka. Nailoni ilikauka kwa jua ikawa kama karatasi ya biskuti. Lakini hata ilipokuwa mpya ilikuwa ikiniibia maji. Mvuke ukigusa nailoni hugeuka maji kama jasho la paji la uso, tone tone. Matone hayo hurudisha mwanga juu, na upepo ukitikisa, yanaanguka tena kwenye chumvi. Kwenye kioo safi maji hutandaa utando mwembamba, yakateleza taratibu mpaka mferejini. Basi nunua kioo cha milimita 4. Kioshe kwa sabuni, kimwagie maji: yakijikusanya matone, bado kina mafuta, rudia.

Vipimo vyangu: ndani mita 1 kwa mita 1, ukuta wa mbele sentimita 10, wa nyuma sentimita 30. Huo mteremko unatosha maji kuteleza, na huku kwetu jua hupita karibu na utosi, hakuna haja ya kusimamisha kioo kama paa la msikiti. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18, kata kioo cha sentimita 106 kwa 104. Sanduku lielekeze popote pasipo na kivuli cha mnazi.

Sasa kitanda cha maji, yaani sakafu ya sanduku inayobeba maji ya chumvi, maana hapo ndipo watu wengi huharibu. Kinatakiwa kiwe cheusi, kisivuje, kisioze, na kisitoe harufu kikipata moto. Hilo la mwisho ndilo gumu. Niliwahi kutandika mpira wa tyubu ya lori, mweusi mzuri, haupitishi tone. Maji yalitoka meupe kama machozi, na ladha ya gereji. Lami ni hivyo hivyo. Kinachopanda na mvuke si maji peke yake: petroli na harufu za rangi hupanda pia. Kwa sababu hiyo hiyo usichote maji karibu na gati wanapojazia maboti mafuta. Rangi ya mafuta usiyoijua ndani yake ina nini, iache; nyingine zina madini ya risasi (ledi).

Mimi natandika turubai nene nyeusi ya plastiki, ile ya kuzuia maji kwenye mabwawa ya samaki, nikaikunja pembeni bila kuikata, kama unavyokunja karatasi ya kufungia halua. Saruji nayo hufaa, lakini hupasuka, na chumvi ikifikia nondo umekwisha. Mtu mwenye fedha akichukua stenlesi, aulize namba: 304 hutobolewa na maji ya bahari, 316 huvumilia zaidi. Muuza duka atakwambia stenlesi ni stenlesi. Mwache.

Chini ya kitanda weka kitu cha kuzuia joto lisikimbilie ardhini. Mimi nimeshindilia usumba mkavu wa nazi, unene wa sentimita 5, ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa. Hapo nailoni ina kazi yake. Usumba ukilowa hauna faida.

Mfereji wa kupokea maji ni alumini ya umbo la U, anayo fundi wa madirisha. Uinamishe kidogo upande mmoja, uwe juu ya usawa wa maji ya chumvi. Usiufunge kwa misumari ya shaba: shaba na alumini pamoja penye chumvi, alumini huliwa. Bomba la plastiki la kawaida hulegea kwa joto la ndani likapinda, na maji yakasimama katikati.

Kioo kibandike kwa silikoni ya kutengenezea matangi ya samaki. Ile ya bafuni huwa na sumu ya kuzuia ukungu. Iache wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe.

Maji ndani yawe sentimita 2, yaani lita 20. Mengi zaidi huchelewa kupata moto. Kila asubuhi jaza mara tatu ya yaliyotoka jana, yanayozidi yafurike kwa tundu la pembeni, ili chumvi isigande kwenye kitanda.

Kugeuza lita moja kuwa mvuke hula karibu theluthi mbili za yuniti moja ya umeme, na jua zuri huleta yuniti 5 au 6 kwa mita ya mraba kwa siku. Hesabu inasema lita 8. Mimi wakati wa kaskazi napata 3, mengine ni joto lililopotea kwenye kioo na kuta. Mvua za masika zikianza, hata moja sipati, lakini wakati huo jabia zinajaa. Kule Chile, mwaka 1872, mhandisi Charles Wilson alitandaza masanduku ya mbao na kioo zaidi ya mita za mraba 4,000 kwa ajili ya nyumbu (baghala) wa kazi za machimbo, akapata zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Kanuni ni hii hii.

Kijana mmoja mwenye jenereta ya kugandishia barafu ya samaki ameniuliza kama joto lake lingefaa. Lafaa sana, hata usiku. Lakini chukua maji ya kupozea injini, usiguse moshi wa ekzosi, na uondoe kwanza dawa ya rejeta maana ni sumu. Bomba linalopita ndani ya maji ya chumvi liwe la shaba yenye nikeli, kama meli za zamani.

Kioo kikivuka kwa boti kutoka Mokowe, gati ya bara, kisimamishe wima kati ya magunia, usikilaze. Na maji ya wiki ya kwanza usinywe. Yamwage.