Kabla Hujapanda Ndege ya Saudia

Pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya: hayo wakala anayekupeleka kufanya kazi atakukumbusha mwenyewe, maana bila hayo naye hali. Mimi nataka yale asiyokukumbusha.

Hakikisha wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Angalia mwenyewe, kile cheti alichotundika ukutani kisikutoshe. Kwa kazi ya nyumbani Saudia, gharama za kukupeleka ni za mwajiri. Anayekudai pesa muulize ni za nini, na atoe risiti. Viza iwe ya kazi. Ukipelekwa Dubai kwa viza ya matembezi, siku zikiisha mwenye kosa ni wewe.

Halafu mkataba. Uache nakala nyumbani, tafadhali! Binti wa shangazi yangu aliondoka Kisauni akatuachia picha za kuagana tu. Kufika kule, madam akachukua simu. Kimya, mwezi baada ya mwezi. Shangazi akaenda kwa wakala, akaambiwa wanaojua ni ofisi ya Riyadh. Akaenda serikalini, akaulizwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, ni nani, yuko mji gani, nambari ya pasipoti ni ipi. Hakuwa na jibu hata moja; alikuwa na picha ya bintiye akicheka kando ya begi jekundu. Aliyetuokoa ni kijana wa saiba aliyewahi kumchapishia makaratasi. Faili lilikuwa bado kwenye kompyuta yake: jina la kafili, nambari ya kitambulisho chake, simu yake. Hapo ndipo ubalozi ukapata pa kuanzia.

Kwa hiyo mkataba, viza na ukurasa wa picha wa pasipoti wapewe watu wawili, angalau mmoja awe si wa kupoteza simu kila mara. Nambari moja ya nyumbani iweke kichwani.

Ukifika, dai iqama yako, kile kibali cha kuishi kule. Usitoroke kwa hasira za siku moja ukawa kemboi, mtoro anayehangaika bila mwajiri. Kafili akikuandikisha huroob, yaani umetoroka kazini, polisi wakikushika huna cha kuonyesha. Mageuzi ya 2021 yaliyoruhusu wafanyakazi wengine kubadili mwajiri bila idhini yake hayakuwagusa wa nyumbani. Ukipigwa, hilo ni jambo jingine: toka, nenda ubalozini moja kwa moja.

Dawa zako zibebe na karatasi ya daktari. Usibebe mzigo wa mtu, hata awe jirani. Karatasi ya Kiarabu usiyoielewa usiitie sahihi. Na mshahara usiutume wote nyumbani.