Vifaa vya faragha kwa wapenzi wa jinsia moja: namna ya kuchagua

Wapenzi wa jinsia moja wamezoea kuulizwa nani mume na nani mke, na swali hilo huwafuata hadi dukani, kwa sababu maboksi mengi ya vifaa vya faragha yameandikwa kana kwamba kila kitanda kina mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Yapuuzeni maandishi hayo. Kabla ya kutazama bei, kaeni wawili na kila mmoja aseme anachokipenda, asichokitaka kabisa, na kile ambacho angekijaribu taratibu. Wanawake wawili huenda wakagundua kwamba hawahitaji chochote cha kuingizwa, kwa kuwa kifaa kidogo cha kutetema juu ya kinembe kinawatosha. Wanaume wawili nao huenda wakakuta kwamba hakuna hata mmoja wao anayetaka zamu ileile kila siku. Aliyebadili jinsia aulizwe anaviitaje viungo vyake mwenyewe, maana neno moja lisilo lake laweza kuuharibu usiku mzima. Mwanamume aliyebadili jinsia anayetumia testosteroni, yaani homoni ya kiume, anaweza kuwa na uke mkavu unaochubuka upesi, hivyo kwake ukubwa wa kifaa upungue na kilainishi kiongezeke.

Baada ya mazungumzo hayo, jambo la kwanza kulikagua ni malighafi, wala si umbo. Silikoni halisi, chuma kisichoshika kutu na kioo kigumu kinachohimili joto havina vitundu vya kuhifadhi vijidudu, na huoshwa vikatakata. Vifaa vya bei rahisi vya plastiki laini, ile inayonata mkononi na kunuka kama pazia jipya la bafuni, mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa kadhaa kati ya kemikali hizo katika midoli ya watoto, lakini "mdoli" wa watu wazima haukuguswa na kikomo hicho hadi mwaka 2020, kilipopanuliwa kwa baadhi ya kemikali hizo, na ilipofika mwaka 2021 ndipo shirika la viwango la ISO lilipotoa kiwango cha kwanza cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi, nambari 3533. Muuzaji asiyeweza kusema kifaa chake kimetengenezwa kwa nini hastahili fedha yenu.

Kwa kifaa kitakachoingia njia ya haja kubwa, sharti ni moja lisilo na mjadala: kiwe na kitako kipana kuliko sehemu inayoingia. Uke unaishia kwenye shingo ya kizazi, ilhali njia ya haja kubwa inaendelea hadi utumbo mpana, na misuli yake ikibana inaweza kukivuta kifaa hadi kisifikike kwa vidole. Likitokea, msichokore, nendeni hospitali mapema, aibu itapita. Anayeanza achague kitu chembamba kama kidole. Krimu za kutia ganzi ziacheni dukani, kwani maumivu ndiyo yanayowaambia msimame.

Wanaotaka uume bandia wa kuvaa kwa mkanda wapime pete ya mkanda kwanza: shina lipite, kitako kibaki nyuma. Pete ya kuvaa uumeni iwe ya silikoni inayonyumbuka badala ya chuma, na isikae zaidi ya nusu saa.

Kilainishi kina uzito sawa na kifaa chenyewe, hasa kwa njia ya haja kubwa ambayo haijitengenezei ute wa kutosha. Cha maji hukubaliana na kila malighafi. Cha silikoni hudumu zaidi, lakini kinaweza kuharibu uso wa kifaa cha silikoni. Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu tumekulia nayo, hudhoofisha kondomu za mpira, na mafuta ya mgando ni vivyo hivyo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri osmolaliti ya kilainishi, yaani kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake, isizidi 1,200, na ikiwezekana iwe chini ya 380, kwa sababu chenye kipimo kikubwa mno hunyonya maji ya ngozi laini na kuichubua. Kikiwa na nonoksinoli-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume, kirudisheni rafuni.

Kifaa kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, au kutoka njia ya haja kubwa kwenda ukeni, kivalishwe kondomu mpya kila mara; klamidia na virusi vya HPV, vyote vya kuambukizana kwa ngono, huweza kusafiri juu yake hata baina ya wanawake wawili. Ikiwa mfuko unaruhusu, kila mtu awe na chake. Silikoni isiyo na mota huchemshwa dakika chache, na yenye mota huoshwa kwa sabuni isiyo kali kisha hukaushwa.

Vifaa vinavyoendeshwa kwa simu mvitazame kwa jicho kali. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kanada ilikubali kulipa mamilioni ya dola baada ya programu yake kukusanya taarifa za matumizi ya wateja. Kwa anayeishi Toronto au London hiyo ni kero. Kwa anayerudi likizo Tanzania, Kenya au Uganda, ambako sheria inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, ni hatari nyingine kabisa. Programu ifutwe na akaunti ifungwe kabla ya safari, na kifaa kibaki kabatini.