Kabla Hamjapanua Kanisa, Semeni Kwanza Magari Yatakaa Wapi

Kamati za ujenzi zikikaa kupanga upanuzi wa kanisa huanza na idadi ya viti, zikaenda kwenye paa, madhabahu, vyoo na jukwaa la kwaya. Maegesho hubaki kuwa kile kieneo cheupe kilichosalia pembeni mwa ramani. Kwa Dodoma ya sasa hilo haliwezekani tena. Viwanja vingi vya makanisa hapa vilipimwa wakati waumini walikuja kwa miguu na baiskeli, na gari lilikuwa la mchungaji na la mzee mmoja au wawili. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, mambo yalibadilika. Leo familia moja inakuja na magari mawili kwa sababu baba anaimba kwaya ya ibada ya kwanza na mama anafundisha shule ya Jumapili mpaka ibada ya pili iishe.

Anzeni kwa kuhesabu. Wekeni vijana wawili getini na daftari, Jumapili kadhaa mfululizo, na mojawapo iwe siku kubwa: Pasaka, Kipaimara au mavuno. Waandike magari, bajaji, bodaboda na Coaster za kukodi, kila kundi peke yake. Msikisie mkiwa mezani, maana mezani kila mtu hukumbuka Jumapili anayoitaka.

Kisha fanyeni hesabu ya mbele. Kanisa la watu 400 linalopokea magari 60, likipanuliwa kuchukua watu 1,000, litapokea magari 150, na hapo hatujagusa wale watakaonunua magari kesho. Gari moja linataka nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5. Yakipangwa pua zikitazama ukuta, njia ya katikati isipungue mita 6, la sivyo mwenye Land Cruiser hatatoka bila kugusa wenzake. Ukijumlisha njia na kona, kila gari linameza mita za mraba 25 mpaka 30. Magari 150 yanataka kati ya mita za mraba 3,750 na 4,500, na ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Yaani ekari nzima ni ya magari tu, kabla jengo halijapata pa kusimama. Mwenyekiti wa kamati aisome hesabu hiyo kwa sauti kikaoni.

Kama ekari hiyo hamna, ni bora kujua sasa. Mnaweza kuongeza ibada badala ya kuongeza viti, kwenda juu kwa ghorofa, au kununua kiwanja cha pembeni kabla mwenye nacho hajaona nondo zenu zikishushwa.

Tafuteni bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mpaka, na mpimaji azihakiki. Ua si mpaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeliona likiliumiza kanisa moja la mji huu, na bado nasikia kamati nyingine zikiliendea: kuhesabu ardhi ya mtu mwingine kama pakingi yenu. Mbele ya kanisa hilo palikuwa na viwanja viwili vitupu, vina migunga mikubwa na kivuli kizuri. Miaka yote waumini walipaki pale. Kanisa lilipokuwa dogo halikuona tatizo, maana hata lenyewe lilikuwa na uwanja wake upande wa kushoto. Ikaja ramani mpya. Ule uwanja wa kushoto ukawa ukumbi na ofisi, jengo likafika karibu na ukuta. Kikaoni mzee mmoja aliuliza, "Sasa magari?" Akajibiwa, "Si pale mbele, kama siku zote." Hakuna aliyeuliza pale mbele ni pa nani.

Watu walichanga kwelikweli. Wenye mashamba ya alizeti na karanga walileta magunia, akina mama walipika na kuuza, vijana walibeba mawe ya msingi. Jengo likasimama, likazinduliwa, likapendeza. Haukupita muda mrefu, Jumanne moja likaja lori la matofali na kumwaga mzigo chini ya ile migunga. Mwenye kiwanja alikuwa na hati yake, alinunua siku nyingi akiwa mkoa mwingine, na sasa amehamishiwa Dodoma anataka kujenga. Alikuja hata kumsalimia mchungaji, mtu mstaarabu kabisa, hana kosa lolote. Ndani ya wiki chache ukuta ulikuwa umesimama na migunga imekatwa.

Magari yakamwagika mtaani. Barabara yenyewe ni ya vumbi, magari mawili yakipishana moja lazima lipande kando. Watu wakawa wanapaki pande zote mbili, mbele ya mageti ya nyumba, juu ya mitaro, mpaka kwenye kona. Jumapili moja katikati ya mahubiri, mzee wa zamu alipanda madhabahuni na kikaratasi, akamnong'oneza mchungaji, kisha spika zikasema: "Mwenye Noah nyeupe iliyopaki kwenye geti la jirani, tunaomba atoke sasa hivi, kuna mgonjwa." Kimya. Ikatangazwa tena. Mwenye gari alikuwa kwenye kwaya, amevaa joho, na funguo ziko kwenye mkoba alioachiwa binti yake kule shule ya Jumapili. Wakati watu wanamtafuta binti darasa kwa darasa, yule mama jirani alikuwa amesimama getini na mtoto mwenye degedege mikononi, gari lao linaunguruma ndani ya ua na halina pa kupita. Mwishowe alipanda bodaboda, mtoto katikati, shangazi nyuma, wakaenda hospitali hivyo.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini yule mama ndiye aliyekuwa akiwagawia waumini maji ya tenki lake siku bomba likikatika, na tangu siku ile hakusalimia tena mtu wa kanisani. Majirani walipeleka malalamiko serikali ya mtaa, na walikuwa na haki. Kanisa likalazimika kutafuta kiwanja kingine mbali kidogo, kwa bei ambayo viwanja vya Dodoma vimekuwa nayo sasa, na fedha zikatoka kwenye mfuko uliokuwa wa madawati ya watoto. Wazee wenye magongo walioshindwa kutembea kutoka huko mpaka mlangoni walihamia makanisa ya karibu na kwao. Hao ndio walioweka msingi wa kwanza.

Kwa hiyo ramani isisainiwe mpaka kila gari mlilolihesabu liwe na mahali pake kwenye ardhi yenye hati yenu, au yenye mkataba wa maandishi. Mkataba useme muda, malipo, na notisi ya miezi mingapi kabla ya kuvunjwa. Useme pia kama unahusu Jumamosi za harusi na siku za kazi za misiba, maana watu huandika Jumapili tu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo na ashuhudie. Kama ni uwanja wa shule, pitieni halmashauri na kamati ya shule. Msitegemee urafiki na mwalimu mkuu, kesho atahamishwa.

Hifadhi ya barabara, ile ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara, nayo si yenu. Kwenye barabara kuu na za mikoa, kama ile ya Iringa au ya Kondoa, hifadhi kwa sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ule uwazi mzuri mbele ya kanisa mara nyingi ndio huo. Hata lango la kuingilia kutoka barabara hizo linataka ridhaa ya TANROADS, wakala wa barabara hizo, na barabara za mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Waendeeni mapema, pamoja na watu wa mipango miji mnapoomba kibali cha ujenzi.

Geti lirudishwe ndani, magari mawili matatu yaweze kusubiri bila mikia yao kubaki barabarani. Pa kuingilia na pa kutokea pawe mbali mbali.

Angalieni saa. Ibada ya kwanza ikipangwa kuisha saa tatu na ya pili kuanza saa tatu na nusu, mahubiri yakirefuka kidogo mtakuwa na magari ya ibada mbili kwa wakati mmoja. Wekeni nafasi ya saa nzima katikati, au jengeni pakingi ya ibada mbili.

Msidanganywe na ukame wa Dodoma. Mvua yetu ni kidogo kwa mwaka, lakini kati ya Desemba na Aprili ikishuka inashuka kwa mkupuo, na udongo mwekundu unachimbika mara moja. Mkitandaza zege uwanja mzima, maji yote yataenda kwa jirani wa chini na kumchimbia korongo. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri au pevingi zenye matundu hunywesha maji ardhini, na mtaro uelekezwe mahali panapojulikana. Penye udongo mweusi wa mbuga, toeni huo udongo kwanza, la sivyo kila masika mtasukuma magari. Kiangazi nacho kina vumbi lake: pakingi ya udongo mtupu upande unaotoka upepo itajaza vumbi kwenye kinanda na koo za wanakwaya. Pandeni miarobaini sasa, kwenye mistari ya kati ya magari, muimwagilie wakati ujenzi unaendelea. Mkingoja jengo liishe mtakaa jua kali miaka mingi.

Kumbukeni pia kwamba kanisa la michango halijengwi kwa mwaka mmoja. Mchanga, kokoto, matofali na mbao za fomu vitalala kwenye pakingi hiyo hiyo, tena miaka. Pangeni magari yatakaa wapi kipindi hicho, na nondo zizungushiwe uzio.

Watoto wa shule ya Jumapili wasipite katikati ya magari yanayorudi nyuma. Mlango wa darasa lao ufungukie upande mwingine kabisa. Hili halina mjadala.

Gari lililobeba mwili lifike mlangoni na ligeuke lenyewe, bila kurudi nyuma katikati ya wafiwa. Wenye kiti cha magurudumu wapewe nafasi pana, mita 3.5 hivi, karibu na mlango, juu ya sakafu ngumu, si changarawe. Njia ya gari la zimamoto kuzunguka jengo ibaki tupu kila siku, ikiwemo siku ya harusi ya mtoto wa askofu, na namba 114 ya zimamoto iandikwe panapoonekana. Bodaboda wapewe kijiwe chao nje ya geti, wapange foleni yao. Taa ziwepo kwa ajili ya mikesha, na walinzi wenye fulana za kung'aa wajulikane kwa majina, kwa sababu saitimira huibiwa wakati wa maombi. Gari la kunyonya majitaka lifikie chemba hata pakingi ikijaa. Nguzo za umeme zichunguzwe kabla hamjamwaga chochote chini yake. Na anayepaki vibaya aambiwe hapo hapo, hata kama ndiye aliyetoa ahadi kubwa kuliko wote kwenye harambee.