Gari la spoti likizima ghafla na kuwaka baadaye: pima ethi kwanza

Mteja akiniambia, "Fundi, linazima tu njiani, nikingoja kidogo linawaka," boneti huwa sijaifungua. Namuuliza lilizima wapi, injini ilikuwa na moto au baridi, na taa za dashibodi zilibaki au zilikufa zote. Dashibodi ikifa yote, tafuta kwenye betri, ethi (waya unaorudisha umeme kutoka injini na bodi hadi ncha hasi ya betri) na swichi ya ufunguo. Ikibaki inawaka na injini peke yake ndiyo iliyokufa, elekea kwenye pampu ya petroli, rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini.

Hapa Malindi ugonjwa mkubwa ni chumvi. Msimu wa kusi, gari linalolala Casuarina au Silversands huamka na utando wa bahari mwili mzima, na la spoti lenye paa la turubai hunywa unyevu kuliko mengine. Tena baadhi yake, kama Mazda MX-5 ya kwanza ya 1989, betri iko buti. Umeme wa kurudi unatoka kwenye injini, unapita bodi nzima, ndipo ufike nyuma. Kiungo kimoja kikishika kutu, gari zima linayumba.

Chukua mita ya kupimia volti. Asubuhi, kabla ya kuwasha, betri nzima isome karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, 13.8 hadi 14.5. Sasa fanya kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Waya mweusi wa mita uguse ncha hasi ya betri yenyewe, si kibano chake. Mwekundu uguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Mita ikipita nusu volti, ethi ni mgonjwa. Kisha injini ikinguruma, washa taa kubwa na feni. Hapo isizidi 0.2. Betri ikiwa buti, unganisha waya mrefu kwenye mita ufike mbele. Mimi nina wangu wa mita tano, siuazimi kwa mtu.

Usiridhike na kupima waya usio na mzigo. Waya wa nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Funga mwishoni mwa waya huo balbu ya indiketa ya wati 21, inayovuta karibu ampea 2. Ikififia, waya huo ndio mbovu.

Mwaka jana nililetewa gari lililokuwa likizima kila likipita matuta ya kwenda Mambrui. Betri mpya, alteneta (mashine ya kuchaji betri) mpya, na mwenyewe alikuwa ameishiwa pesa. Niliacha injini ikiunguruma nikawa natikisa nyaya moja moja kwa kijiti cha mbao, taratibu, mikono ikiwa mbali na feni na mkanda. Nilipofika kwenye ethi ya injini, likazima. Terminali kwa nje ilikuwa inang'aa. Nikachana plastiki upana wa vidole viwili: shaba yote ilikuwa unga wa kijani. Iliniuma sana, kwa sababu waya ule ni bei ndogo mno ukilinganisha na alteneta.

Kama linazima likishapata moto tu, shuku rilei. Ipulizie dreya ya nywele; risasi ya kulehemu iliyopasuka ndani huachana ikipanuka.

Kutengeneza: zima, fungua ncha hasi ya betri kwanza. Kata waya mpaka uone shaba nyekundu safi, bana terminali mpya, piga msasa bodi mpaka chuma kitupu, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu yake. Tepu peke yake inafungia chumvi ndani.

Kisha rudi barabara ile ile, saa ile ile, mita ikiwa imefungwa mbele ya macho ya mtu wa pembeni. Lile nililipeleka Mambrui na kurudi mara mbili, jua la saa nane, kabla ya kumpa mwenyewe ufunguo.