Kuanza na QGIS ukiwa Moshi
Wadau, kama unataka kujifunza kuchora ramani kwenye kompyuta shusha QGIS, ni ya bure kabisa. Chukua simu, zunguka shamba la kahawa kule Kibosho, kila kona soma GPS uandike kwenye Excel, longitudo safu yake latitudo safu yake, alafu sevu kama CSV (faili rahisi la jedwali), ndo uifungue kwenye QGIS.

Hapa ndo wengi wanakwama: Moshi iko kusini mwa ikweta kwahiyo latitudo lazima iwe na alama ya kutoa, -3.35, ukiisahau shamba lote linatokea kaskazini mwa Kenya. QGIS ikikuuliza X na Y, X ni longitudo, 37.34, Y ni latitudo, usigeuze.

Ukitaka kuchora zile mita 60 ambazo sheria inataka uziache bila kulima toka mtoni, leya (tabaka la ramani) isevu upya kwa EPSG:32737, hiyo ni namba ya mfumo wa ramani unaopima kwa mita, mana ule wa GPS, EPSG:4326, unahesabu digrii sio mita.